Vipimo vya boksi linalotumia kadibodi kidogo kabisa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa sekondari, walimu wao, na yeyote anayeagiza maboksi akitaka kujua kwa nini jibu la kitabuni halifanani na boksi lililoko dukani. Herufi tutakazotumia ni hizi: V ni ujazo, A ni eneo la kadibodi, x ni upande wa kitako cha mraba, h ni kimo. Vipimo ni vya sentimita (sm).

Swali la aina hii linauliza nini hasa?

Kuna kitu kimoja kilichofungwa na kingine kinachotakiwa kipungue. Mara nyingi ujazo ndio umefungwa ("boksi lichukue lita 4") na kadibodi ndiyo inayotakiwa iwe kidogo. Kabla ya kushika kalamu ya mahesabu, andika mistari miwili: "Kisichobadilika ni…" na "Kinachopunguzwa ni…". Anayeruka hatua hii huishia kutafuta derivativu (kasi ya kubadilika) ya ujazo, na kwa kuwa ujazo ni namba iliyokwisha kutolewa, derivativu yake ni sifuri na hesabu inakwama palepale.

Kisha hesabu pande. Boksi lenye mfuniko lina pande sita, lisilo na mfuniko lina tano. Neno "wazi juu" likikupita, kila kitakachofuata kitakuwa hesabu sahihi ya swali jingine.

Hatua za kulitatua ni zipi?

Tuchukue boksi lisilo na mfuniko, kitako chake mraba, ujazo lita 4.

Geuza kizio kwanza. Lita 1 ni sm³ 1,000, kwa hiyo V = 4,000.

Andika milinganyo miwili. Ujazo: x²h = 4,000. Kadibodi: A = x² + 4xh, yaani kitako kimoja na kuta nne.

Ondoa herufi moja. Kutoka kwenye ujazo, h = 4,000/x². Iweke kwenye A:

A = x² + 16,000/x

Tafuta derivativu na uilinganishe na sifuri:

2x − 16,000/x² = 0, hivyo x³ = 8,000, na x = 20.

Rudi ukatafute kimo: h = 4,000/400 = 10. Kadibodi: A = 400 + 800 = sm² 1,200.

Thibitisha kwamba ni kiwango cha chini na si cha juu. Derivativu ya pili ni 2 + 32,000/x³, ambayo ni chanya kwa kila x iliyo chanya, kwa hiyo grafu imepinda kama bakuli na x = 20 ndipo penye kina chake. Kwenye mtihani usiiache hatua hii hata kama jibu unaliona wazi, kwa sababu mara nyingi ina alama zake.

Kwa nini huondolewa h na si x?

Ukiondoa x utapata x = √(4,000/h), na kipeuo hicho cha pili kitakusumbua hadi mwisho. Jibu ni lilelile, ila njia ni ndefu bila sababu. Ondoa herufi inayotokea bila kipeo.

Sijasoma kalkulasi. Naweza kulipata jibu?

Unaweza, kwa njia mbili. Ya kwanza ni jedwali. Chagua x kadhaa kwa boksi hilohilo la lita 4 kisha ukokotoe A:

x = 10 → A = 1,700
x = 16 → A = 1,256
x = 20 → A = 1,200
x = 25 → A = 1,265
x = 40 → A = 2,000

Eneo linashuka, linafika chini karibu na 20, kisha linapanda. Likiwa boksi jembamba na refu, kuta ndizo zinazokula kadibodi. Likiwa pana na fupi, kitako ndicho kinachokula. Jedwali linakupa wazo zuri la mahali jibu lilipo, lakini peke yake si uthibitisho.

Njia ya pili ni uthibitisho kamili. Inategemea kanuni hii: namba chanya zikiwa na zao lisilobadilika, jumla yake huwa ndogo kabisa zinapokuwa sawa. Gawa kipande cha kuta mara mbili:

A = x² + 8,000/x + 8,000/x

Zidisha namba hizo tatu: x zinafutana na zao ni 64,000,000, lisilobadilika hata x ikiwa ngapi. Basi jumla ni ndogo kabisa kila moja ikiwa kipeuo cha tatu cha 64,000,000, yaani 400. Kutoka x² = 400 unapata x = 20, na A = 3 × 400 = 1,200. Ujanja wote uko katika kugawa vipande viwili vilivyo sawa. Ukiacha 16,000/x nzima, zao litabaki na x ndani yake na kanuni haitashika.

Boksi lenye mfuniko: jibu ni mchemraba siku zote?

Ndiyo, ikiwa masharti matatu yametimia: vipimo vyote viko huru, kila upande una tabaka moja la kadibodi, na kadibodi yote ina bei moja. Kwa lita 1, mchemraba wa 10 × 10 × 10 unatumia sm² 600. Boksi la 20 × 10 × 5 lina ujazo uleule lakini linatumia 700, na la 25 × 20 × 2 linafika 1,180.

Sharti moja likivunjika, mchemraba si jibu tena. Maswali mengi ya mtihani huvunja moja kwa makusudi.

Kuna njia ya haraka ya kukagua jibu?

Ipo, na inafaa kukaa kichwani kuliko fomula yoyote. Kwenye kiwango cha chini, kadibodi ya kuta za pembeni ni mara mbili ya kadibodi ya kitako na mfuniko zikijumlishwa.

Angalia mfano wa juu: kitako 400, kuta 800. Mchemraba wa lita 1: kitako na mfuniko 200, kuta 400. Sababu ni umbo la mlinganyo. Umbo la kitako likiwa limeamuliwa, eneo daima huwa la namna ya kx² + c/x (k na c ni namba zisizobadilika), na ukitafuta derivativu utapata 2kx² = c/x. Upande wa kulia ni kuta. Wa kushoto ni kitako na mfuniko mara mbili. Kanuni inafanya kazi kwa kitako cha mraba, cha mstatili wenye uwiano maalumu, hata cha duara. Haifanyi kazi kwa swali la kukata pembe za karatasi, ambalo tutalifikia, wala pale kipimo kimoja kinapokuwa kimefungwa kwa namba (mfano "kimo lazima kiwe sm 12").

Kitako kikiwa cha kadibodi ghali zaidi?

Badala ya eneo, punguza gharama. Tuseme p ni bei ya sm² moja ya kitako ukijumlisha na ya mfuniko kama upo, na q ni bei ya sm² moja ya ukuta. Gharama ni px² + 4qV/x, na ukiifanyia hatua zilezile unapata:

h/x = p/(2q)

Boksi wazi lenye bei moja: p = 1, q = 1, kimo ni nusu ya upande wa kitako. Boksi wazi ambalo kitako chake kina bei mara mbili: p = 2, basi h = x, na mchemraba unarudi. Boksi lenye mfuniko, kitako na mfuniko vikiwa na bei mara mbili ya kuta: p = 4, kimo ni mara mbili ya upande. Kadiri kitako kinavyokuwa ghali ndivyo boksi linavyorefuka kukikwepa. Ukaguzi wa kuta kuwa mara mbili ya kitako na mfuniko bado unashika, ila sasa unapima shilingi badala ya eneo.

Swali linasema urefu ni mara mbili ya upana. Nifanyeje?

Sharti hilo linakuondolea herufi moja mapema. Upana ukiwa w, urefu ni 2w. Kwa boksi lenye mfuniko la sm³ 576:

2w²h = 576, hivyo h = 288/w²
A = 4w² + 6wh = 4w² + 1,728/w
8w = 1,728/w², w³ = 216, w = 6

Vipimo ni 12 × 6 × 8, kadibodi sm² 432. Kagua: kitako na mfuniko 144, kuta 288. Sawa. Mchemraba wa ujazo huo ungetumia kama sm² 415, kwa hiyo sharti limegharimu asilimia 4 hivi.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika kuta nne kana kwamba zinalingana. Hazilingani: mbili ni 2w × h na mbili ni w × h, jumla 6wh.

Na kopo la duara?

Kopo lenye mfuniko na kitako linatumia bati kidogo kabisa kimo kinapolingana na kipenyo (h = 2r, r ikiwa nusu kipenyo). Kopo lililo wazi juu: kimo ni sawa na nusu kipenyo. Kwa mililita 330, r ni kama sm 3.75, kimo sm 7.5 na eneo ni sm² 264 hivi.

Makopo ya soda yamerefuka kuliko hivyo, na kiwanda hakijakosea hesabu. Kopo linatakiwa lishikike kwa mkono mmoja, na mfuniko wake umetengenezwa kwa bati nene kuliko ukuta, kwa hiyo p imepanda na kimo kinafuata. Zaidi ya hapo kuna mabaki: miduara ikikatwa kutoka kwenye vipande vya mraba, kila mduara unakula 4r² badala ya πr². Ukiweka hilo kwenye mlinganyo, h/r inatoka 2 hadi 8/π, kama 2.55.

Kwa nini maboksi ya kadibodi ya madukani si michemraba?

Sababu moja ni bidhaa yenyewe na namna ya kuipanga kwenye rafu au lori. Lakini hata ukiisahau bidhaa, boksi la kawaida la kusafirishia halina tabaka moja kila upande. Lifungue lote ulilaze: utaona mstatili mmoja mrefu. Kuta nne ziko katikati, na juu na chini ya kila ukuta kuna kipande cha kukunja ambacho kina upana wa nusu ya upana wa boksi. Ukilifunga, vipande vya upande mrefu vinakutana katikati na ndivyo vinavyopigwa gundi ya utepe. Vile vifupi vinabaki chini yake, vimefichwa. Kadibodi ya kufungia inapishana, na huko ndiko kunakoondoka kiasi ambacho kitabu hakikihesabu.

Urefu wa mdomo ukiwa L, upana wake W na kimo H, mstatili huo ni 2(L + W) kwa H + W. Kwa hiyo:

A = 2(L + W)(H + W)

Punguza hiyo huku LWH ikiwa haibadiliki. Kwa kuwa kuna herufi tatu, tumia derivativu za sehemu (unabadilisha herufi moja kwa zamu). Masharti yanatoka mawili tu: L = H, na L = 2W. Uwiano bora ni 2 : 1 : 2, na mdomo unakuwa kwenye upande mwembamba.

Kwa lita 32, hilo ni boksi la 40 × 20 × 40. Kadibodi yake ni 2 × 60 × 60 = sm² 7,200. Mchemraba wa lita 32, ukishonwa kwa mtindo huohuo, ungekula kama sm² 8,063. Umeokoa karibu asilimia 11 kwa kuachana na jibu la kitabuni. Ukaguzi wa mara mbili nao haujatupwa: kuta ni 120 × 40 = 4,800 na vipande vya kukunja ni 120 × 20 = 2,400.

Ukingo wa gundi unaounganisha ukuta wa kwanza na wa nne haumo kwenye fomula. Ukiwa na upana wa sm 3.5, kwa boksi hili unaongeza 3.5 × 40 = sm² 140. Ongeza mwishoni unapoagiza. Mabadiliko yake kwenye uwiano ni madogo mno.

Ninapakia vipande visivyogawanyika. Vipimo vya desimali vinanisaidia nini?

Vinakupa mahali pa kulenga tu. Kazi halisi ni kuorodhesha mipangilio na kuilinganisha, maana kalkulasi haijui kwamba sabuni haikatwi.

Tuseme una sabuni 12, kila moja 8 × 5 × 3, zote zikilazwa kwa mwelekeo mmoja. Ujazo ni 1,440, na mchemraba wa ujazo huo ungekuwa na eneo la kama sm² 765, kiwango ambacho hakuna mpangilio utakaokishinda. Mipangilio mitatu iliyo karibu:

16 × 10 × 9 → eneo la uso 788
8 × 15 × 12 → eneo la uso 792
8 × 10 × 18 → eneo la uso 808

Kwa karatasi ya kufungia inayobana vizuri, wa kwanza unashinda. Kwa boksi la vipande vya kukunja, mshindi anabadilika. Weka kila mpangilio kwenye fomula ya 2(L + W)(H + W), ukichagua kila mara mdomo unaokula kidogo: wa kwanza unahitaji sm² 950, wa pili 920, wa tatu 936. Wa pili umeshinda kwa sababu 15 : 8 : 12 iko karibu na 2 : 1 : 2. Anayeagiza maboksi elfu moja kwa kuangalia eneo la uso peke yake analipia mita 3 za mraba za kadibodi bila faida.

Swali la kukata pembe za karatasi ni hilihili?

Hapana, limegeuzwa. Pale karatasi ndiyo imefungwa na ujazo ndio unaotakiwa uwe mkubwa. Unakata mraba wa upande x kila pembe, unakunja, unapata boksi wazi. Kwa karatasi ya 24 × 9:

V = x(24 − 2x)(9 − 2x)

Derivativu ikilinganishwa na sifuri inatoa x = 2 na x = 9. Hiyo 9 itupe: huwezi kukata sm 9 kutoka pembe mbili za upande wenye sm 9. Jibu ni x = 2, boksi la 20 × 5 × 2, ujazo sm³ 200. Andika mpaka wa x mapema (hapa 0 < x < 4.5) ili usibaki unakisia ni jibu lipi la kukataa.

Karatasi ikiwa mraba, x ni moja ya sita ya upande: ya sm 30 inakatwa sm 5 na kutoa lita 2. Ukitaka kujaribu mezani, karatasi ya A4 (29.7 × 21) hukatwa kama sm 4, na ujazo unafika karibu sm³ 1,128.

Nikikadiria vipimo, napoteza kiasi gani?

Kadibodi, kidogo sana. Ujazo, unaweza kuumia. Karibu na kiwango cha chini grafu imelala. Kwa boksi letu la lita 4, ukitumia x = 19 badala ya 20 huku ujazo ukibaki uleule, kadibodi inaongezeka kwa sm² 3 tu kati ya 1,200. Kwa hiyo usiteseke na desimali nne.

Tatizo hutokea ukikadiria x na h kila moja kivyake. Boksi wazi la lita 5 linatoa x = 21.54 na h = 10.77. Ukiandika 21.5 na 10.8, ujazo ni sm³ 4,992, na boksi limepungua. Kadiria x kwanza, kisha tafuta h upya kwa V/x² na uikadirie kwenda juu: 5,000/462.25 ni 10.82, basi chukua 10.9.

Vipimo hivi ni vya ndani au vya nje?

Vya ndani, kwa sababu ujazo ni wa ndani. Kadibodi ya unene wa milimita 4 inaongeza milimita 8 kwenye urefu na upana wa nje. Kimo huongezeka zaidi pale vipande vya kukunja vinapolaliana: matabaka mawili juu na mawili chini ni milimita 16. Unapoagiza, mwandikie fundi "vipimo vya ndani" na utaje mpangilio wa urefu, upana, kimo, ukianza na pande mbili za mdomo. Namba 40, 20, 40 zikisomwa kwa mpangilio mwingine, mdomo unahamia upande wa 40 × 40, na boksi hilohilo la lita 32 linakula 2 × 80 × 60 = sm² 9,600.